Utafiti Wangu juu ya Bia na Pointi

Jumatatu, 8 Septemba

Itangazwe katika jiji lote la Kisangani, kutoka Makiso mpaka ng'ambo ya mto: leo asubuhi mimi, Désiré, nimenunua kalamu nyekundu. Ya buluu ninayo tangu zamani. Mtu mwenye kalamu mbili si muuza bia tena. Ni mtafiti.

Sababu ni redio. Nilikuwa natoa viti vya plastiki kwenye terrasse, kibaraza cha mbele, redio ikasema kuna utafiti mpya katika institut, chuo hiki kilicho mbele ya mlango wangu. Eti wanafunzi wanaokunywa wanapata pointi za chini kuliko wasiokunywa. Ikamtaja na aliyeufanya. Nadège! Mtoto wa jirani! Nimemwona akitambaa. Amekalia kiti changu wiki nzima na karatasi zake, akiuliza vijana maswali, akinywa sucré moja, soda tu, polepole. Na mimi nilimpa barafu.

Redio haijanyamaza, mjumbe wa quartier, huu mtaa wetu, akapita na filimbi yake. Jumapili baada ya misa, watu wote wa avenue wafike kwa chef wa quartier. Jambo ni moja tu: terrasse ya Désiré.

Bon. Shule niliiacha mapema, lakini kujumlisha najua. Redio asubuhi, filimbi asubuhi. Wanataka kufunga nganda, hii baa yangu.

Nganda yenyewe si kitu kikubwa. Mabati, meza, friji, na mbele yake terrasse ya mbao inayokaribia barabara. Pembeni mke wangu, Micheline, anachoma samaki. Basi. Lakini inatulisha. Imemsomesha Larissa, binti yetu, ambaye leo anavaa tai kwenye uwanja wa ndege kule Bangboka. Kila darasa alilopanda, alipandia juu ya chupa za watu. Hilo redio haikusema.

Micheline amenishauri niende kwa chef nimwulize jambo lenyewe ni nini. Nimekataa. Mtu mwenye heshima hamwulizi adui atampiga saa ngapi.

Mchana mvua. Jirani yangu wa upande wa chini, Assumani, mtu wa Kindu, muuza chai na mikate, ametoa maji jikoni mwake kwa beseni. Anachota, ananiangalia. Anachota, ananiangalia. Kama mimi ndiye wingu!

Jumanne, 9 Septemba

Nimekwenda kwa Nadège. Nimevaa shati la misa.

Alinipokea vizuri, akaleta kiti, akasema Tonton karibu. Nikamwambia sikuja kukaa. Nikakaa. Nikamwuliza kwa nini anataka kuua nganda ya mtu aliyempa barafu. Akashangaa. Akasema yeye aliuliza wanafunzi wengi, wa kwangu na wa kwingine, wananywa mara ngapi na wana pointi ngapi. Wanaokunywa sana wako chini. Ni hivyo tu.

Nikamwuliza: kwanza bia halafu pointi mbaya, au kwanza pointi mbaya halafu bia? Mimi ninayaona mambo yote mawili kila siku kwenye meza zangu. Kuna anayelewa akafeli. Kuna anayefeli akalewa.

Hapo akacheka.

"Tonton, hiyo ndiyo nimeandika mwisho kabisa. Vile vitu iko natembea pamoja. Sikusema nani iko navuta mwenzake."

Kumbe! Tundu limo ndani ya mtumbwi na mwenye mtumbwi anakiri! Nimerudi nyumbani nikiimba. Njiani nimepata na mfano. Watu wenye malaria wote wanameza kinini. Je, kinini ndiyo inaleta malaria? Hata Assumani hawezi kujibu hilo.

Nimemweleza Micheline. Akauliza, kama Nadège mwenyewe hakusema nganda ina makosa, nani amesema? Nikajibu: sayansi. Akageuza samaki.

Alasiri yote nimezunguka avenue kuua uongo kabla haujakua. Nimeanza na katekista. Hakuwa amesikia utafiti wowote. Nikamweleza wote, pointi kwa pointi, halafu nikamweleza kwa nini haufai. Akashukuru. Nikaenda kwa akina mama wa soko dogo. Nao hawakuwa wamesikia. Nikawaeleza. Vijana wa pikipiki, fundi wa viatu, mama wa mkaa, wote hawajui kitu! Redio ya siku hizi haisikilizwi. Kufika jioni avenue nzima ilikuwa inajua kwamba wanafunzi wanaokunywa kwangu wanafeli, na kwamba si kweli.

Kazi nzuri. Miguu inauma.

Jumatano, 10 Septemba

Utafiti hujibiwa kwa utafiti. Leo nimeanza wangu.

Njia yangu ni safi kuliko ya Nadège. Yeye anampa mtu karatasi, mtu anakwenda kujaza gizani. Mimi namwuliza mbele ya watu wote, kwa sauti, hana pa kujificha. "Wewe, una asilimia ngapi?"

Matokeo: wote wana sabini. Wengine sabini na tano. Kijana mmoja kwenye kona alisema yeye ni wa kwanza katika darasa lake. Wakati huohuo Nadège alikuwa anapita na ndoo ya maji. Akasalimia, akasema kwa upole kwamba wa kwanza katika darasa hilo ni yeye. Nimeandika: wa kwanza wako wawili.

Hata Héritier anazo sabini na tano. Héritier yuko mwaka uleule kwa mara ya tatu. Mtoto mzuri, mpole. Ananunua bia moja saa tisa, na jua likizama bado anailinda kama yai. Baba yake anachimba dhahabu kule Bafwasende ili yeye asome. Nilipomwuliza asilimia zake aliangalia chupa, sio mimi. Lakini alisema sabini na tano, na mimi naandika nilichoambiwa. Ndiyo maana ya sayansi.

Kwa haki, nimekwenda pia kwa Assumani kuhoji wanywa chai. Wamejaa pale kila jioni kwa sababu ana betri na taa, na courant, umeme wetu, ikikatika hapa kwetu inakatika kweli, hata kama maporomoko ya Tshopo yanayoutoa yako karibu tunayasikia. Wanasoma. Niliwauliza watapata ngapi. Mmoja baada ya mwingine akasema: on verra, tutaona. Hawajui! Waoga wote!

Nimeandika kwa nyekundu: *chai inamfanya mtu asijue pointi zake.*

Micheline amesoma juu ya bega langu. Amesema, ukimwuliza kijana mbele ya rafiki zake, tena wewe uliyeshika chupa yake, atakupa pointi unazozitaka. Nimemwambia aache wivu. Amesema wivu wa nini. Nimefunika kalamu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeamka nalo! Nimemwamsha na Micheline. Hakufurahi.

Jumamosi ni proclamation. Watasoma majina kutoka kwenye baraza ya institut. Na kila mtu anajua kinachofuata: aliyefaulu anamwagiwa poda. Kichwani, shingoni, mgongoni, mpaka anakuwa mweupe kama gunia la unga wa muhogo. Anazunguka nayo mjini siku nzima, haifuti, ili hata asiyejua kusoma ajue. Aliyefeli, ajourné, yaani arudi kwa session ya pili ya mitihani, hapati hata punje. Anapita njia ya nyuma ya choo cha institut.

Sasa mwenye kichwa cheupe, furaha ikimjaa, anakwenda wapi? Anavuka barabara. Anakuja kwangu! Donc Jumamosi kila mnywaji atakuwa mweupe, na kila mweupe amefaulu. Sihitaji kumwuliza mtu pointi. Nitahesabu vichwa. Nimemwalika chef wa quartier aje saa kumi aone kwa macho yake. Amekubali mara moja, amesema kweli alikuwa anataka kuiona ile terrasse kabla ya Jumapili. Ameingia mtegoni mwenyewe!

Nimempelekea Nadège habari, ili ajiandae kushindwa. Yeye alikuwa anafua. Hakuacha kufua.

"Tonton, unahesabu samaki ya ndani ya kitunga, halafu unasema mtoni hakuna ingine. Wale wamepita njia ya nyuma, nani atawahesabu?"

Mimi ni mtoto wa mto, wa Isangi. Hakuna mtu wa kunifundisha kitunga. Nimemwambia maneno hayo ni ya mtu aliyeona kisu shingoni. Akasema sawa Tonton.

Mchana nimeongeza mbao mbele ya terrasse ili watu wengi waenee. Sasa inafika barabarani kabisa. Chini yake kuna mfereji wa maji, lakini nimeufunika vizuri, hauonekani. Terrasse imependeza. Maji yana akili, yatatafuta njia.

Ijumaa, 12 Septemba

Mvua kubwa tangu alfajiri. Maji yametafuta njia. Njia ni jiko la Assumani.

Amekuja, suruali imekunjwa mpaka magotini, mkate mmoja umelowa mkononi. Nilijua kilichomleta. Sikumpa nafasi. Nikamwambia najua chai yake inataka kula soko langu, najua amesimama nyuma ya Nadège, na Jumapili tutaonana mbele ya watu.

"Ndugu Désiré," akasema, "mimi niko nasema juu ya maji."

Nikamwambia kila mtu siku hizi ana la kusema juu ya anachokunywa mwenzake. Akaniangalia muda mrefu. Akauangalia mkate. Akaondoka. Mtu aliyetumwa unamjua kwa mgongo.

Nimenunua makopo ya poda. Mtafiti mzuri hakosi vifaa. Wanaofaulu wakati mwingine wanasahau kujipaka vizuri, na kichwa cha kijivu kingemchanganya chef.

Héritier amekuja akakaa bila kuagiza. Nikamletea maji. Akasema kesho hataki kusikia majina yakisomwa, anajua tayari. Akasema mwaka wa kwanza alifeli ndipo akaanza kuja kwangu, na mwaka wa pili alikuja kwangu ndipo akafeli, na sasa hata yeye hajui lipi linaanza. Nikamwambia hilo ni jambo la kisayansi sana. Hakucheka. Akasema Papa Josué, baba yake, anafika Jumapili kutoka Bafwasende. Mara hii ameapa kumrudisha nyumbani akashike sepetu. Akasema anataka session moja tu tena. Moja. Lakini ya kweli.

Nimemwambia kesho aje akae kwangu. Ninahitaji watu.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku kubwa! Naandika haraka.

Saa nane wamesoma majina. Kelele, filimbi, akina mama wanalia, poda inapanda juu kama moshi wa mahindi. Nimesimama kwenye terrasse, mikono wazi, nikingoja weupe wangu wavuke.

Hawakuvuka.

Wa kwanza alichukuliwa na shangazi zake kwenye pikipiki tatu. Wa pili alipelekwa kanisani kutoa shukrani. Wengine walibebwa mabegani mpaka kwao, kwenye kuku wao. Nadège, mweupe mpaka kwenye kope, alikwenda kwa Assumani! Akanywa chai! Kisha wenzake wa taa wakamfuata, wote weupe, pale chini pakawa kama shamba la pamba.

Kwangu walifika wa njia ya nyuma. Ajournés. Mmoja mmoja, vichwa vyeusi kabisa, wakakaa, wakaagiza. Terrasse ilijaa. Sijawahi kuuza hivyo mwaka huu. Na saa kumi chef anakuja!

Alors, mtu afanye nini? Nikachukua kopo. Wa kwanza nilimmwagia kwa bahati mbaya, au tuseme nusu. Akauliza ni nini. Nikasema ni zawadi ya nyumba. Akaanza kupangusa, lakini mama mmoja aliyekuwa anapita barabarani akampigia vigelegele, akampa na ndizi. Akaacha kupangusa. Ajourné mwenye poda anasalimiwa! Wa pili aliomba mwenyewe. Wa tano alitaka na mgongoni. Héritier peke yake alikataa, nikammwagia akiwa ameinama.

Chef amefika na fimbo yake. Weupe mtupu! Nikamwonyesha: papa chef, tazama, wote wanakunywa, wote wamefaulu. Akasema vizuri, vizuri. Lakini aliangalia chini zaidi. Aligonga mbao kwa fimbo, hapa, pale, akainama akachungulia kati ya mbao mbili. Nadhani amependa ufundi. Akaondoka bila kunywa.

Nilikuwa bado namsindikiza kwa macho, pikipiki ikasimama. Tope jekundu mpaka kwenye kofia. Papa Josué. Siku moja kabla!

Alimwona mtoto wake. Mweupe.

Yule mzee alitoa kofia. Alipanda kwenye terrasse na mabuti yake, akashika kichwa cha Héritier kwa mikono yote miwili, mikono ile ya kuchimba, akakilaza kifuani. Poda ikamjaa na yeye. Kisha akapiga simu Bafwasende, tukasikia upande wa pili nyumba nzima inapiga kelele. Kisha akaagiza vinywaji vya kila mtu. Kisha akatuma pikipiki kutafuta mbuzi.

Héritier akanivuta nyuma ya friji. 

"Tonton, umuambie wewe. Ni poda yako."

Nikamwambia furaha ya mzazi ni dawa, haikatwi katikati. Kesho. Akarudi akakaa karibu na baba yake. Bia hakuigusa.

Mbuzi alikuwa mzuri. Micheline alimchoma. Alinipa shingo.

Matokeo ya utafiti wangu: waliokunywa kwa Désiré, waliofaulu, mia kwa mia. Nimepiga mstari chini mara mbili.

Jumapili, 14 Septemba

Nitaandika yote kama yalivyokuwa, ili kizazi kijacho kihukumu.

Parcelle ya chef, uwanja wa nyumba yake, ilijaa. Nilimweka Papa Josué mbele kama shahidi, amevaa koti la jana, poda bado kifuani, na Héritier kando yake. Chef alikuwa hajafungua mdomo, nikasimama. Anayesema wa kwanza anachagua njia. Nimesema vizuri, nakiri. Nimesema malaria na kinini. Nimesema utafiti wa Nadège una tundu, na mwenyewe anajua. Nimesema vichwa vya jana, mia kwa mia, chef mwenyewe alishuhudia. Papa Josué akasimama akasema ni kweli, mtoto wangu huyu hapa, Mungu ambariki Tonton Désiré na nganda yake. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimeshinda.

Chef alikuna shingo.

"Utafiti gani?" akasema.

Nikamwambia ule wa redio. Akasema redio yake haina betri tangu Pasaka. Akasema ametuita kwa sababu terrasse yangu inakalia mfereji, maji yanakosa pa kupita, yanaingia kwa Assumani. Alikuwa anataka nitoe mbao tatu. Tatu tu. Alidhani tutamaliza kabla jua halijawa kali.

Nilikaa. Ningebaki nimekaa, mambo yangekwisha. Lakini mama wa mkaa akasimama. Akasema, ngoja kwanza, si Désiré mwenyewe alipita Jumanne akatuambia wanafunzi wanaokunywa kwake wanafeli? Mwenzake akasema kwangu pia alipita. Katekista akasema alimweleza kwa kirefu, hata asilimia alimpa. Kumbe wote walikumbuka ile nusu ya kwanza! Nusu ya pili, ya kinini, hakuna hata mmoja!

Wakamgeukia Nadège. Na Nadège, nasema kwa haki, alinitetea. Alisema utafiti wake hauthibitishi kwamba nganda inafelisha mtu. Alisema anayefeli naye anakuja kunywa huzuni. Alisema kumhukumu Tonton kwa namba zile ni kosa. Watu wakaanza kulegea. Chef akarudi kwenye mbao tatu.

Ndipo Héritier akasimama. Poda ilikuwa bado imo masikioni.

"Papa," akasema, "mimi niko ajourné. Hii poda si yangu."

Hakunitaja. Hakukuwa na haja, watu wote waliniangalia.

Papa Josué hakupiga kelele. Ningependelea apige. Alikaa polepole, akatoa kitambaa, akaanza kujipangusa koti, pale alipomkumbatia mtoto jana. Alipangusa muda mrefu. Kisha akaniuliza swali moja.

"Na mbuzi?"

Nikamwambia tumemla. Alijua, alikuwepo, lakini nadhani alitaka alisikie neno hilo kwa mdomo wangu.

Chef akasema alikuja kwa mbao tatu. Sasa anataka zote. Si kwa ajili ya bia, akasema, watu wazima na wanywe ndani wakitaka. Ni kwa sababu mtu anayeweza kumpaka poda mtoto wa mwenzake, akala na mbuzi juu yake, hafai kupewa nafasi ya kusogea mpaka barabarani. Watu wakasema ndiyo. Micheline pia alisema ndiyo. Nilimsikia, sauti yake naijua.

Ninasisitiza: hakuna aliyejibu hoja ya kinini.

Jumatatu, 15 Septemba

Wa kwanza kufika na nyundo ni Papa Josué.

Nilidhani amekuja kunipiga. Amekuja kung'oa. Ameng'oa mbao moja moja bila kuzipasua, ananyoosha misumari juu ya jiwe, anaiweka kwenye kopo la poda lililokwisha. Héritier anabeba. Saa nne nilisikia mzee anasema session ya pili ni lini. Héritier akamwambia. Mzee akasema bon, atakaa mpaka siku hiyo, sepetu haitaoza. Héritier aliweka mbao chini kidogo, akajifuta uso, akaibeba tena.

Nilimwuliza mzee mbao zangu anazipeleka wapi. Akasema ni za mbuzi. Sikuweza kubisha hesabu hiyo.

Mchana nimeona zilikokwenda. Ametengeneza meza. Ndefu, imara, nakiri ni nzuri, ina hata alama ya duara ya chupa zangu. Ameiweka kwa Assumani, chini ya taa. Héritier anasomea hapo. Nadège anamweleza, anamrudisha nyuma, anamweleza tena. Papa Josué anakaa ncha ya meza, anakunywa chai, anawaangalia kama anayeelewa.

Micheline amewapelekea samaki. Nimemwuliza kama wamelipa. Amesema, Papa Larissa, nenda ukalale kidogo.

Jumamosi, 20 Septemba

Mtafiti haangushwi na mbao.

Nimetumia siku hizi kuangalia. Nimekaa ndani, mlangoni, na kalamu zote mbili. Nimeona jambo ambalo hata Nadège hajaliona. Waliofaulu Jumamosi ile, karibu wote ni watu wa kwa Assumani. Na kwa Assumani wanakunywa nini? Chai! Mambo ni wazi kama mto mchana. Ile chai yake ina kitu. Inapandisha pointi.

Nimemwambia Nadège. Akasema Tonton, ni taa. Wanaotaka kusoma ndio wanakwenda penye taa, na penye taa kuna chai. Nikamwambia taa hainyweki.

Kwa hiyo kuanzia Jumatatu nitauza chai. Nyeusi, kali, majani mara mbili ya yale ya Assumani. Nimeipa jina tayari: Chai Distinction, kama pointi za juu kabisa. Kopo moja la poda limebaki, kila kikombe cha kwanza kitakuja na poda kidogo mkononi, ili mteja azoee weupe. Héritier nitampa bure, awe mfano. Micheline amesema Héritier hatakuja. Nimemwambia hivyo ndivyo walivyosema juu ya kila mtu aliyevumbua kitu. Amesema walisemaje. Nimetoka nje.

Nimemkuta Assumani amesimama anaangalia mahali terrasse ilipokuwa. Amenisalimia vizuri sana, ameniita ndugu, amesema tangu mbao zitoke hajashika beseni. Amesema sasa anaona shida ilikuwa nini.

Nimemwambia asikimbilie. Mbao zimetoka, jiko limekauka. Sawa. Vile vitu viwili vinatembea pamoja. Nani amethibitisha kipi kinavuta kingine? Huenda mawingu yamebadilika. Huenda jiko lake limepanda. Jambo la namna hii linataka utafiti wa miaka, na mtu asiye na haraka.

Saa kumi mvua imenyesha, kubwa kuliko ile ya Ijumaa. Jikoni kwa Assumani pamekaa pakavu.